Rubani wa Pawa Tila

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mimi mtaambiwa na mtu mwingine, tena kwa chumvi nyingi: mimi Anakleti, fundi simu, mtu mzima mwenye ndevu zake, niliwahi kumlilia mama mdogo kwenye kipaza sauti, sauti ikatoka shambani Mollo mpaka barabarani kule watu wanakosubiri usafiri, na sikuwa nimefiwa wala kuumwa na nyoka. Nilikuwa nimeshika trekta la mkono, hizi tunazoziita pawa tila. Kwa hiyo ukinikuta mjini Sumbawanga ukasikia watu wananiita "Rubani", usidhani nimewahi kupanda ndege. Hata ngazi ya ndege sijaigusa.

Chanzo ni maroboti. Mnazijua zile katuni za Kijapani zenye maroboti marefu kama mnara wa simu, halafu kifuani mwa roboti anakaa mtu, rubani, anavuta mitaimbo na kupiga kelele huku anapigana na roboti jingine? Basi mimi na wenzangu tulikuwa wagonjwa wa hizo katuni. Tulikuwa tunaangalia nyuma ya kibanda changu pale sokoni, watu tisa, benchi moja, laptop moja ambayo kioo chake kina mstari wa kijani katikati (laptop ya fundi, si mnajua, mganga hajigangi), na kila sehemu ikiisha tunaanza ubishi ule ule: anayeshinda vita ni rubani au ni mashine?

Mimi nilikuwa upande wa rubani. Kichwa cha upande wa pili alikuwa Gaudensia, dada mmoja aliyesomea ufundi wa umeme, ana mashine yake ya kusaga karibu na stendi, na akianza kubishana hapandishi sauti hata kidogo, jambo ambalo linaudhi kuliko matusi.

"Anakleti," ananiambia, "kila katuni inaanza hivi hivi. Kuna kijana hajui lolote, anakimbia mabomu, anaangukia kwenye ghala, anakuta roboti jipya halijaguswa na mtu. Anaingia, anabonyeza vitufe kwa kubahatisha, na kabla hatujamaliza karanga ameshaangusha askari watatu waliofanya kazi hiyo miaka ishirini. Hapo kimeshinda nini kama si bati?"

"Subiri sehemu ya kumi na mbili," namjibu, "yule mzee wa jicho moja na roboti lake la mafunzo, mkono mmoja halina, anampiga huyo huyo kijana mpaka anaomba maji. Ule ni ustadi!"

"Na sehemu ya kumi na tatu roboti la kijana linafungwa mabawa, mzee anakufa."

(Ni kweli anakufa. Nililia, ila niliwaambia ni moshi wa kuchomea waya.)

Sasa kibanda kilikuwa kinatubana, mvua ikinyesha watatu wanalowa, ndipo mshikaji wangu Saidi akatoa wazo. Saidi ni mtu wa Wampembe, ziwani, anauza migebuka hapo hapo sokoni na ana spika lake la kuitia wateja, na kwa maroboti amedata kutuzidi wote. Akasema, "Si kuna ukumbi wa vijana wa parokia? Una projekta, una viti, Jumamosi mchana umefungwa tu. Twende tukaombe."

Mwenye funguo za ukumbi alikuwa Katekista Desideri. Kama humjui, ni mzee mwembamba, mkali, ana kofia ya pama ambayo haivui isipokuwa kanisani na makaburini. Tulimkuta anapanga vitabu vya nyimbo.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Semeni."

"Shikamoo, Katekista," akadakia Saidi.

"Marahaba. Na wewe muuza samaki umekuja kubatizwa?"

Tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Katuni ni za watoto. Ninyi mna ndevu." Nikamwambia hapana, ndani yake kuna mafunzo, kuna maswali makubwa, kwa mfano hili la mtu na mashine. Akafikiri. "Basi fanyeni mdahalo, Jumapili baada ya misa ya pili, mbele ya watu. Nikiona kuna akili, funguo mtapata kila Jumamosi. Nikiona upuuzi, msinifuate tena mpaka ndoa zenu."

Jumapili ukumbi ukajaa. Saidi ndiye alikuwa mwenyekiti wa mdahalo, na sijui aliwafanya nini watu wa parokia, alipigiwa makofi kuliko kwaya. Mimi nilivaa koti. Nikaanza vizuri, nikasema mashine bila mtu ni chuma kinachosubiri kutu, watu wakasema eeeh, halafu Gaudensia akasimama na sauti yake ile ya chini akauliza, "Ndugu mtoa hoja, nikikupa kinu cha kutwangia, na yule mtoto wangu wa darasa la tano nikimpa mashine yangu ya kusaga, nani atamaliza gunia kwanza?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kila nilichojibu kikawa kinatoka kama hewa kwenye tairi. Nikaona wazi napotea, na wenzangu sita waliokaa mstari wa mbele wanaangalia viatu vyao.

Ndipo Katekista akanyoosha mkono kutoka nyuma. "Mwanangu Anakleti, wewe unayesema rubani ndiye kila kitu. Wewe mwenyewe umewahi kuendesha mashine gani?"

Jamani. Jibu la kweli lilikuwa baiskeli. Pikipiki naiogopa, gari sijawahi kukaa kiti cha dereva hata likiwa limezimwa. Lakini mbele yangu kulikuwa na watu kama mia mbili, na Gaudensia amekunja mikono anasubiri, na mdomo wangu ukaamua peke yake bila kuniuliza.

"Pawa tila," nikasema. "Ya mama mdogo, kule Mollo. Nalima nayo kila msimu. Hata nikifumba macho."

Ukumbi ukasema "Uuuuu!" kwa heshima, na mimi, badala ya kuona aibu, nikajisikia mtamu, nikatengeneza kola ya koti. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Gaudensia akanyanyuka. "Vizuri sana. Jumamosi tunalima shamba la kigango cha Mollo, na kigango kimepata pawa tila mpya, nailoni bado iko kwenye mipini. Mimi sijawahi kushika pawa tila maishani mwangu. Nipewe hiyo mpya. Yeye bingwa achukue ile kuukuu ya mama yake mdogo. Mistari sita kila mtu. Akinishinda, rubani ameshinda. Nikimshinda, mashine imeshinda, na tusisumbuane tena."

Katekista akatabasamu, na waliokuwa karibu naye wanasema ilikuwa mara ya kwanza tangu Pasaka. "Sasa hiyo ndiyo akili," akasema. "Tutaamulia shambani."

Nilitoka pale mbio. Nikampigia mama mdogo. Mama mdogo Leokadia ni mdogo wake mama yangu, mjane, amelima Mollo tangu nipo tumboni, na ile pawa tila anaitunza kama mwanawe wa kwanza. Wiki hiyo alikuwa Laela kwa binti yake aliyejifungua. Akaniambia, "Chukua, ipo bandani, ila usiiguse mpaka nifike nikuelekeze, narudi Jumamosi asubuhi." (Masikio ya mtu anayejimwambafai husikia neno la kwanza tu. Mimi nilisikia "chukua".)

Ijumaa nikaenda. Kijana wa jirani akanionyesha kuizungusha kwa hendeli mpaka ikawaka, akaenda zake kisimani, nikabaki nayo uani. Ua wa mama mdogo ni tambarare kama meza. Nikagundua kwamba chini ya kila mpini kuna kishikizo kidogo: ukibana cha kushoto inakata kushoto, ukibana cha kulia inakata kulia. Basi! Nikazunguka mara nane, kuku wakinipisha, na kufika mzunguko wa tisa nilikuwa nacheka peke yangu. Nikajisemea, Anakleti, hukudanganya, ulitabiri. Jembe lenyewe sikulishusha hata mara moja, niliona hayo ni mambo madogo, na hata kuizima aliizima yule kijana aliporudi kutoka kisimani.

Na kama ningeishia hapo nisingeaibika kiasi kile. Lakini nikafikiri, kama mimi ni rubani, nionekane rubani. Nikachukua helmeti ya bodaboda nikaipaka rangi ya fedha. Nikashona ovaroli kwa turubai la kufunikia gari, nalo la fedha, likawa linapiga kelele nikitembea kama mtu anayefungua biskuti. Glavu nene za bustani. Halafu (hapa ndipo ufundi simu uliponiponza) nikafunga kipaza sauti kidogo kisicho na waya ndani ya helmeti, nikakiunganisha na spika la Saidi, ili watu wote wamsikie rubani akiongea kutoka ndani ya mashine, kama kwenye katuni. Saidi alipojaribu akasema, "Noma sana, mshikaji. Watakusikia mpaka Namanyere."

Jumamosi kufika shambani nikakuta watu hawana idadi, kwa sababu Saidi alitangaza wiki nzima sokoni, sentensi moja migebuka, sentensi moja maroboti. Shamba lenyewe liko kwenye mwinuko, linashuka taratibu, halafu linashuka si taratibu, na huko chini kabisa kuna shimo kubwa walikochimba udongo wa tofali, limejaa maji ya mvua za kwanza. Pembeni mwa mteremko, upande wa kulia, kwaya ilikuwa imesimama na sare zake inaimba. Upande wa kushoto akina mama wa jumuiya walikuwa wanapika. Nilipotokea na vazi langu la fedha watoto wakapiga kelele, mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Pawa tila aliniletea na kuniwashia yule kijana wa jirani, mama mdogo alikuwa hajafika. Nikasema moyoni, heri.

Gaudensia alivaa gauni la kawaida na mabuti. Kabla ya kuanza alimwita fundi aliyeleta mashine mpya akamuuliza hiki ni nini, na hiki ni nini, na nikitaka kusimama nafanyaje, waziwazi mbele ya watu, bila aibu. Mimi nikamcheka ndani ya helmeti, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa, shamba zima likasikia "hi hi hi".

Katekista akashusha leso. Gaudensia akaondoka polepole, jembe ardhini, mstari wake umepinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea, lakini anakwenda. Mimi nikasema kwa sauti nzito, "Rubani Anakleti. Mfumo uko tayari. Nguvu asilimia mia." Watu wakashangilia. Nikaona gia mbili, moja ya shambani na moja ya barabarani, nikafikiri hakuna roboti lililowahi kuanza vita kwa gia ya shambani. Nikatia ya barabarani. Jembe liko juu. Nikaachia klachi nikapiga ukelele, "Kwa ajili ya Ufipaaaa!"

Ikaondoka.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa tamu, nawaambia ukweli, nilikimbia nyuma yake turubai linapepea na watu wanapiga vigelegele, halafu tukafika pale shamba linaposhuka si taratibu, na nikaona inavuta kuelekea kulia, kwa kwaya. Nikabana kushoto. Ikakata kulia zaidi. Nikabana kushoto kwa nguvu zote za ukoo wetu. Ikaenda kulia moja kwa moja, sauti ya kwanza na sauti ya pili zikatawanyika, besi wakaruka mtaro, na yule mwalimu wa kwaya alibaki ameinua mikono anaongoza hewa. Basi nikaachia kushoto nikabana kulia, nikitegemea sasa inimalize na kwaya, kumbe ikageuka kushoto, kwa akina mama! Wakalibeba sufuria la maharage wawili, wakakimbia nalo kama machela. La kabichi halikuwahi.

Nataka kuachia, siwezi, glavu imenasa kwenye kishikizo. Nataka kusimama, sijui panaposimamishwa. Na yote haya, ndugu zangu, yalikuwa yanatoka kwenye spika.

"Simama! Simama we mashine! Breki iko wapi? Jamani breki iko wapi? Mama Maria niombee! Pisheni kabichi! Sijui kuendesha! Nilidanganya! Katekista nilidanganyaaa! Mama mdogoooo!"

Halafu shimo la tofali. Pawa tila iliingia puani kwanza mpaka magurudumu yakazama, ikakohoa, ikazima. Mimi nilipita juu ya mipini nikaingia kichwa. Spika likasema "blub".

Nilipotoa helmeti nje ya maji na watu kuona nipo hai, kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Watu walikaa chini. Mtu mzima mmoja alimshikilia ng'ombe asianguke.

Wa kwanza kufika alikuwa Gaudensia. Alikuwa amezima mashine yake katikati ya mstari wa tatu akakimbia mteremko wote ule. Akanivuta mkono. "Umeumia?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Sijaumia, Gau."

"Basi sasa naruhusiwa kucheka," akasema, akacheka mpaka akakaa kwenye tope na gauni lake.

Lakini Katekista hakucheka. Alishuka polepole, akasimama juu ya shimo, akanitazama. "Upuuzi ningeusamehe," akasema. "Uongo mbele ya ukumbi wa parokia ni kitu kingine. Mambo ya katuni yameishia hapa." Nikawaona wenzangu sita pale juu, na Saidi ameshika spika lake kifuani kama mtu aliyeshika mtoto mgonjwa, na hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Afadhali wangenitukana. Nilitamani lile shimo lingekuwa na kina zaidi.

Ndipo sauti ikatoka juu, upande wa barabarani: "Nani ananiita kwenye spika?"

Mama mdogo Leokadia. Alikuwa ameshuka kwenye gari kutoka Laela, kikapu kichwani, kitenge kimefungwa vizuri, mwanamke mfupi ambaye akisimama nyuma ya pawa tila mipini inamfika kifuani. Watu wakampisha. Akafika shimoni, akamtazama kwanza mtoto wake wa chuma, ndiyo akanitazama mimi.

"Shikamoo, mama mdogo," nikasema kutoka kwenye tope.

"Marahaba. Toka mbele yake, nione kama kaumia."

Akaomba kamba. Wanaume kumi na tano wakavuta, ikatoka. Akafungua chujio la hewa, akamwaga maji, akapangusa kwa ncha ya kitenge, akachungulia huku na huku akinong'ona Kifipa (naomba nisitafsiri, mengine yalinihusu). Kisha akashika hendeli, akazungusha mara tatu. Tu. Tu-tu. Tu-tu-tu-tu! Moshi mweusi ukatoka, mashine kuukuu ikaamka. Akaipandisha mpaka juu ya shamba, akatia gia ya shambani, akashusha jembe, akamuuliza Katekista kana kwamba anauliza bei ya chumvi, "Mlisema mistari mingapi?"

"Sita," Katekista akajibu.

Akashuka nayo mteremko ule ule. Hakubana kitu. Aliisukuma kwa kiuno, hivi, kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu anayefunga mlango huku amebeba mtoto, na mstari uliotoka nyuma yake ungeweza kuuandikia daftari. Akageuza chini, akapanda. Wa pili. Wa tatu. Watu walikuwa hawacheki tena. Kufika wa nne akina mama wakaanza vigelegele, wa tano kwaya ikaokota wimbo pale ilipoudondosha, na wa sita alipoumaliza Mollo nzima ilikuwa imesimama.

"Nani alikuambia ubane kwenye mteremko?" akaniuliza alipozima. "Ukibana unaliachia tairi la upande huo. Penye tambarare linalegea, linageukia huko. Penye mteremko linakimbia, linakupeleka upande wa pili. Ndiyo maana nilisema usubiri nifike."

Sasa sikieni. Mimi nimelowa, turubai limechanika mgongoni, kabichi iko begani, na kitu fulani kikawaka kichwani mwangu. Nikamfuata Saidi. "Spika bado linafanya kazi?" "Linafanya." Nikachukua kipaza sauti chake cha sokoni, changu kilishazama. Watu wakaanza kucheka tena, nikawaacha wakamaliza.

"Katekista," nikasema, "naomba dakika moja. Kwanza nilidanganya. Sijawahi kulima na pawa tila, nilizunguka uani Ijumaa nikatisha kuku, basi. Naomba radhi kwako, kwa kwaya, kwa akina mama, na kwa mama mdogo. Ukitaka kuninyima ukumbi, ninyime mimi, wenzangu hawakujua."

Nikanyoosha mkono kwenye pawa tila.

"Lakini mdahalo haujafungwa. Tazameni hiyo mashine. Ilipokuwa na mimi ilikwenda kuoga. Ilipokuwa na mama mdogo imelima mistari sita. Mashine ni ile ile. Dizeli ni ile ile, haikuongezwa hata tone. Mteremko ni ule ule. Tena sasa ni mbovu zaidi, ina maji! Naomba mniambie, kimebadilika nini?"

Sekunde moja haikuisha. Shamba zima, kwaya, akina mama, watoto, mpaka waliokuwa barabarani: "Rubaniiii!"

Nilimtafuta Gaudensia kwa macho. Alikuwa anaitazama ile mistari sita, kisha akatazama miwili na nusu yake iliyopinda, na mashine yake mpya yenye nailoni. Akaja mbele, akaomba kipaza sauti, akaongea na ile sauti yake ya chini.

"Mimi nilikuwa na mashine bora kuliko zote hapa, na nimeshindwa na mama mwenye kikapu. Sina la kubisha. Upande wa rubani umeshinda." Watu wakaanza kurukaruka, akainua kidole. "Ila iandikwe: hoja imeshinda, mtoa hoja ameanguka."

Na hapo Katekista Desideri akavua kofia. Nilidhani anatuombea. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, anajipangusa na ile ile leso ya kuanzishia. Alipoweza kusema akasema, "Pisheni kabichi! Mtu yuko kwenye mauti, bado anaihurumia kabichi!" Akapumua. "Kijana, umekiri hadharani kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha kipaimara. Funguo mtapata. Lakini leo utakata kabichi nyingine na utabeba maji mpaka shamba liishe."

Nilibeba maji. Mama mdogo walimnyanyua juu juu akiwapiga kwa ncha ya kitenge wamshushe, wakamzungusha shamba lote, mimi nikifuata nyuma na ndoo mbili kwa sababu hakuna aliyetaka kuninyanyua na lile tope, na wala sikujali. Nilikuwa naimba na kwaya, sauti ya tano, isiyokuwepo.

Jumamosi iliyofuata ukumbini tulitegemea watu ishirini, wakaja mpaka viti vikaisha. Roboti likatokea ukutani urefu wa nyumba, watu wakasema "Heeeh!" Mama mdogo alikaa katikati, Gaudensia kushoto kwake, na yule kijana wa katuni alipoanza kubonyeza vitufe kwa kubahatisha mama mdogo akasema kwa sauti, "Mwambieni huyo mtoto atulie, atawaua wenzake," ukumbi ukapiga makofi. Siku hizi anaalikwa kila wiki kama mshauri wa marubani. Katekista hukaa mlangoni, anasema yupo kulinda viti, lakini sehemu ikiisha yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama yule mzee wa jicho moja atapona. (Hakuna mwenye moyo wa kumwambia.)

Na mimi? Msimu huu mama mdogo ananifundisha, na wiki iliyopita nimeshuka mteremko bila kumwita mtu. Lakini kiapo changu nimekula na sikitengui: mtu akiniuliza tena kama naweza jambo nisiloliweza, nitajibu siwezi, nifundisheni. Nitajibu hivyo hata ukumbi ukiwa umejaa, hata nikiwa nimevaa koti, hata Gaudensia akiwa amekunja mikono ananisubiri. Hasa Gaudensia akiwa ananisubiri.